Namna ya Kuandaa Usiku wa Makumbusho Tabora

Makumbusho mengi hufungwa jioni, saa ileile ambayo watu wa mjini wamemaliza kazi na wanatafuta mahali pa kwenda. Berlin ilianza kulitatua jambo hilo mwaka 1997 ilipoanzisha Usiku Mrefu wa Makumbusho, na tangu hapo miji mingi imejifunza kufungua milango baada ya magharibi, kuleta wanamuziki, na kuwaacha wageni wazunguke kati ya vitu vya kale kama watu walioalikwa nyumbani badala ya wanafunzi waliopangwa mstari. Jijini London, makumbusho ya Victoria and Albert yamekuwa yakifanya hivyo Ijumaa moja ya mwezi kwa zaidi ya miaka ishirini. Miongoni mwa sherehe za namna hii, zenye mafunzo mengi zaidi kwa mwandalizi ni zile zinazoadhimisha sanaa na maisha ya usiku ya wapenzi wa jinsia moja na ya watu wengine ambao hawakutoshea katika mafungu yaliyozoeleka ya uanaume na uanamke, kwa kuwa waandalizi wake walilazimika kufikiria mambo ambayo wengine huyaacha yajiendee: nani anapigwa picha, nani anasimama mlangoni, na mgeni atafikaje kwake salama.

Mwongozo huu unachukua mbinu hizo na kuzipeleka Tabora, hasa kwenye tembe la Kwihara, nyumba ya udongo iliyo makumbusho, kwa ajili ya usiku unaoadhimisha dansi na maisha ya usiku ya mji huu. Jambo moja lielezwe mapema. Nchini Tanzania, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu mapenzi ya jinsia moja kati ya wanaume, na adhabu yake hufikia kifungo cha maisha, kwa hiyo sherehe hizo za wapenzi wa jinsia moja zikihamishwa kama zilivyo, pamoja na majina na matangazo yake, zitawaweka watu hatarini, na watakaoumia kwanza hawatakuwa waandalizi. Mwandalizi asiyeweza kumlinda mgeni wake hana haki ya kumwita. Linalowezekana, na lenye thamani yake, ni kuandaa usiku ambao mtu yeyote aliyenunua tiketi anapokewa kwa heshima ileile bila kuulizwa zaidi ya tiketi.

Anza na kitu, si na muziki

Kosa linaloonekana mara nyingi katika sherehe za namna hii ni kukodi bendi kwanza, kisha kutafuta namna ya kuihusisha na makumbusho. Matokeo yake ni dansi ya kawaida ambayo imehamia kwenye ukumbi usiofaa. Kazi ianze na vitu vitakavyooneshwa, na muziki ufuate vitu hivyo.

Mfano mzuri ni wa Berlin. Mwaka 1984 makumbusho ya mji huo yaliweka onyesho kuhusu maisha ya wanawake na wanaume waliopenda watu wa jinsia yao kati ya mwaka 1850 na 1950, nalo likapewa jina la Eldorado, ambalo lilikuwa jina la klabu ya usiku iliyovuma mjini humo kabla ya utawala wa Wanazi. Mwaka uliofuata, 1985, baadhi ya waliohusika na onyesho hilo walianzisha Schwules Museum, makumbusho ambayo yapo hadi leo. Klabu ilikuwa imefungwa zaidi ya miaka hamsini nyuma. Kilichobaki kilikuwa picha, barua na vitu ambavyo watu binafsi walivihifadhi majumbani mwao, na vitu hivyo ndivyo vilivyozaa taasisi.

Mwaka 2017, makumbusho ya sanaa ya Tate Britain ya London yaliweka onyesho la sanaa ya wapenzi wa jinsia moja kuadhimisha miaka 50 tangu sheria ya mwaka 1967 ilipolegeza adhabu ya mapenzi kati ya wanaume katika Uingereza na Wales. Pamoja na michoro ya thamani kubwa, waliweka mlango wa seli ambamo mwandishi Oscar Wilde alifungwa kwa mapenzi yake na wanaume, nao ukasimamishwa karibu na picha yake ya kuchorwa, ambamo anaonekana kijana nadhifu aliyevaa vizuri. Mlango ule hauhitaji maelezo marefu. Mtu anayetoka kuutazama na kuingia mahali penye muziki anacheza akijua kwa nini kucheza kumekuwa na uzito kwa wengine.

Tabora ina vitu vya nguvu hiyo, ingawa vingi bado viko kwenye masanduku chini ya vitanda. Mji huu ulikuwa na bendi zilizosikika nchi nzima: Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Waliozipiga na waliozicheza wana picha za studio, kadi za kiingilio, sahani za santuri, mikanda ya gita, suruali za bugaluu na viatu vya raizoni. Nguo hizo zina historia yake ya kisheria na kisiasa pia. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kampeni iliyopiga vita sketi fupi, suruali za kubana na mawigi, na vijana walifukuzwa mitaani kwa sababu ya walichovaa. Sketi fupi ya wakati ule, ikitundikwa kwenye ukuta wa makumbusho pamoja na maelezo mafupi na sahihi, itawafanya wajukuu watazame mara ya pili picha ya bibi yao.

Tafuta vitu vichache. Onyesho la usiku mmoja linatosheka na vitu kumi hadi kumi na tano, ili mradi kila kimoja kiwe na maelezo ya nani alikitumia, wapi, na kwa nini kimehifadhiwa. Nguo za usiku zishughulikiwe kwa uangalifu wa pekee, maana zilishonwa zing'ae kwa saa chache na hazikukusudiwa kuishi nusu karne. Mavazi ya Leigh Bowery, msanii aliyezaliwa Australia na kuwa nguzo ya klabu ya Taboo iliyofunguliwa London mwaka 1985, yalifika makumbusho ya Tate Modern mwaka 2025, na ugumu wa kutunza mavazi ya aina hiyo unajulikana: jasho hula kitambaa, gundi hukauka na kuachia, na shanga hudondoka kila nguo inaponyanyuliwa. Usimruhusu mtu avae nguo iliyoazimwa, hata mwenyewe akisema hakuna neno. Ilazwe au ivalishwe kwenye umbo lililotengenezwa kwa pamba na shuka safi, na ishikwe kwa mikono iliyooshwa na kukauka.

Ridhaa

Hapa ndipo mwandalizi wa Tabora ana mengi ya kujifunza kutoka kwenye sherehe zilizotajwa juu, na hapa ndipo panapostahili muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote ya maandalizi.

Picha ya mwanamke anayecheza dansi baa mwaka 1974 inaweza kuwa ya kuvutia kuliko kitu chochote kingine katika onyesho. Mwanamke yuleyule leo anaweza kuwa hajati mwenye wajukuu, anayeheshimiwa mtaani, ambaye hajawahi kuwaambia wanawe kwamba aliwahi kuingia baa. Picha hiyo si yako kwa sababu uliipata kwa mpigapicha, na si yako hata kama mwanawe amekuruhusu. Makumbusho yanayoshughulikia historia ya wapenzi wa jinsia moja yalilifahamu hili kwa uchungu, kwa kuwa katika historia yao picha moja ingeweza kumfukuzisha mtu kazi au kumpeleka jela, na kwa hiyo kanuni imekuwa kwamba anayeoneshwa, akiwa hai, ndiye mwenye neno la mwisho, na akishakufa ukimya wake hauchukuliwi kuwa idhini.

Nenda kwa mhusika mwenyewe, mchana, pamoja na mtu anayemfahamu. Amkia ipasavyo, keti, na usitoe karatasi mapema. Eleza kwanza ni nini kitafanyika na nani atakuja, kisha uulize kwa maneno ya wazi: "Bibi, picha hii tungependa kuiweka ukutani usiku mmoja, watu waione. Ukikubali, tuiandike jina au tusiandike? Na wakitaka kuipiga picha kwa simu, tuwaruhusu au tuwakataze?" Maswali hayo mawili ya mwisho ni tofauti na lile la kwanza, na wengi watakubali moja na kukataa jingine. Andika jibu, msomee, atie sahihi au dole gumba, umwachie nakala. Akibadili nia siku tatu kabla ya sherehe, ondoa picha bila kumbembeleza.

Vitu vya asili visikae kwako zaidi ya inavyohitajika. Picha zichanganuliwe kwa skana nzuri, nakala zichapishwe kwa ajili ya ukuta, na zile za asili zirudi kwa wenyewe wiki hiyohiyo. Kwa nguo na vyombo vya muziki, andika hali ya kila kitu kilipopokelewa, pamoja na picha ya kila upande, ili asije mtu akalaumiwa kwa mpasuko uliokuwepo tangu zamani.

Nyumba ndiyo inayopanga idadi ya wageni

Tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji, ndilo ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Ni jengo lenye kuta nene za udongo, paa bapa na milango ya nakshi, na ndani yake mnahifadhiwa kumbukumbu za wasafiri hao. Lakini Unyanyembe, eneo hili la Tabora, haikuwa ya wasafiri wawili. Palikuwa kituo kikuu cha misafara iliyobeba pembe za ndovu na kuswaga watu waliotekwa utumwani, na wapagazi wa Kinyamwezi walipita hapo na mizigo yao na nyimbo zao kuelekea pwani. Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba ndani ya tembe pasichezwe muziki kabisa. Ndani ni mahali pa kutazama, na uwanja wa nje ndio wa kucheza.

Idadi ya wageni itokane na ukubwa wa vyumba. Kundi la watu kumi na wawili pamoja na mwongozaji mmoja linaweza kuzunguka ndani kwa dakika kumi na tano bila kusukumana na kuta. Ukiwa na saa tatu, unapata makundi kumi na mawili, yaani wageni 144. Basi uza tiketi 140, nafasi nne zilizobaki uwape majirani, na usiongeze hata moja kwa shinikizo la mtu mkubwa anayepiga simu saa kumi na mbili jioni. Kila tiketi iandikwe saa ya kuingia ndani, na mgeni akikosa zamu yake asubiri pengo.

Kuta za udongo hazipendi besi. Spika kubwa zikielekezwa kwenye jengo, mtikisiko hudondosha vumbi la dari juu ya karatasi na vitambaa, na nyufa ndogo hukua. Jukwaa likae mbali, spika zitazame upande wa pili, na fundi mitambo apimishwe sauti alasiri huku mtu akiwa ndani ameweka kiganja ukutani. Kama anausikia mtetemo, sauti ipunguzwe hapohapo na alama iwekwe kwenye mashine.

Mwanga una kanuni yake. Karatasi na nguo huwekewa kiwango cha takriban luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), ambacho ni hafifu kuliko wengi wanavyotarajia, na macho huhitaji dakika chache kukizoea. Tumia taa za LED zilizofunikwa na kuelekezwa sakafuni. Mishumaa na koroboi zinapendeza, na zisiruhusiwe. Taa kali moja isimamishwe mbali na mlango, ili wadudu wa usiku waifuate hiyo na kuacha chumba cha nguo. Sababu hiyo, pamoja na barabara, inatosha kuuweka usiku huu kati ya Juni na Septemba, kabla ya mvua na kumbikumbi zake kuanza Novemba. Ukiweza kuchagua usiku wa mbalamwezi, utaokoa nusu ya gharama ya taa za njia.

Vyakula na vinywaji vyote vikae nje. Mishikaki, kahawa na kashata vinatosha. Watu wa Tabora watauliza asali na wanzuki, yaani pombe ya asali, na ni haki yao, lakini tone moja la asali kwenye sakafu ya tembe ni mwaliko kwa sisimizi, nao huwatangulia wadudu wengine. Mgeni anawe mikono kabla ya zamu yake ya kuingia. Weka ndoo, sabuni na taulo mlangoni. Na kwa yeyote atakayependekeza wacheza nyoka wa uyeye: ni kivutio kikubwa kweli, lakini si katika giza, na si mbele ya mlango unaotegemewa na watu kumi na wawili kutokea.

Vibali

Anza miezi minne kabla. Tembe ni mali ya kale inayolindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kwa hiyo ruhusa ya kwanza ni ya mamlaka inayolisimamia, iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Peleka barua yenye mchoro wa mahali pa jukwaa, jenereta, vyoo na magari, pamoja na maelezo ya sauti na mwanga yaliyotajwa juu. Barua yenye mchoro hujibiwa upesi kuliko yenye maneno matupu. Baada ya hapo, afisa utamaduni wa manispaa ataeleza kinachohitajika na Baraza la Sanaa la Taifa, polisi wataarifiwa kuhusu mkusanyiko, zimamoto wataombwa ushauri, na haki za nyimbo zitakazopigwa zitalipiwa kwa taasisi ya kukusanya mirabaha inayotambuliwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Viongozi wa eneo na majirani waambiwe kabla hawajasikia kutoka kwa wengine. Muziki uanze baada ya swala ya isha na ukome saa tano, na tarehe isiangukie Ramadhani wala Kwaresima.

Katika barua zote, eleza sherehe kama ilivyo. Kibali kilichopatikana kwa maelezo ya uongo huwa mzigo wa wageni pale askari anapofika na kukuta kitu kingine.

Mlangoni

Mlango wa sherehe huamua sura ya usiku mzima. Katika klabu za London na Berlin mtu wa mlangoni ni mwenyeji kwanza na mlinzi baadaye: anasalimia, anaeleza kanuni, na anatambua mapema nani amekuja kutafuta ugomvi. Mabaunsa wanaokodiwa kwa ajili ya harusi na mechi wamezoea jambo jingine, hivyo wafundishwe alasiri ya siku hiyo, na pamoja nao wawepo watu wawili wa makamo, mwanamke na mwanamume, wenye ulimi laini. Nguo za mgeni, nywele zake, mwendo wake au aliyefuatana naye visiwe sababu ya swali, kicheko wala upekuzi wa ziada. Mlinzi asiyeweza kuahidi hivyo abaki kulinda magari.

Kanuni ya picha itangazwe kwenye tiketi na irudiwe mlangoni. Ndani ya tembe simu hazipigi picha. Kwenye uwanja wa dansi pia hazipigi, na kipande hiki kitapingwa, kwani vijana wengi huona usiku usiorushwa mtandaoni kuwa haukuwepo. Shikilia. Weka kona moja yenye mandhari nzuri, kwa mfano kitambaa cha studio ya zamani chenye mazingira ya kuchorwa, na mpigapicha mmoja, ambapo anayetaka kupigwa picha anakwenda kwa hiari yake. Kona hiyo hujaa, na wasiotaka kuonekana hucheza kwa amani.

Tenga pia sehemu tulivu yenye viti, maji na taa ya kutosha, kwa ajili ya wazee, wajawazito na yeyote aliyezidiwa na kelele. Mtu mmoja awe hapo muda wote, mwenye simu, kisanduku cha huduma ya kwanza na mamlaka ya kumtoa nje msumbufu bila kuitisha kikao.

Safari ya kurudi ndiyo inayosahaulika. Kwihara usiku si mahali pa kutafuta bajaji moja moja gizani. Kodi mabasi madogo mawili yatakayozunguka hadi mjini kuanzia saa tatu na nusu, nauli iwe ndani ya bei ya tiketi, na madereva wa bodaboda watakaoruhusiwa kusubiri waorodheshwe kwa jina na namba ya pikipiki, huku orodha ikibandikwa mahali pa wazi.

Programu na malipo

Wageni wafike saa moja jua linapozama, na makundi yaanze kuingia ndani mara moja, wakati uwanjani kuna kahawa na mazungumzo tu. Isha ikishapita, mzee mmoja wa dansi azungumze kwa dakika kumi kuhusu kitu kimoja kati ya vilivyooneshwa, asipewe hotuba ya kusoma. Kisha bendi. Vijana wanaopiga nyimbo za zamani kwa vyombo halisi wanafaa kuliko santuri peke yake, na mtoto wa Kigoma au Tabora aliyekulia kwenye Bongo Fleva anaweza kupewa wimbo mmoja au miwili ya kupiga pamoja nao, lakini usiku usigeuke kuwa wa kwake. Zamu ya mwisho ya kutazama ndani iishe saa nne. Saa moja iliyobaki ni ya dansi tupu.

Mlipe kila msanii nusu kabla na nusu usiku uleule kabla hajafungasha vyombo, kwa benki au kwa pesa za simu, na ukubaliane naye kwa maandishi. Aliyeazima nguo au picha apewe tiketi mbili na usafiri, na mzee aliyehojiwa alipwe posho. Kama bajeti haitoshi, punguza taa za jukwaani kabla ya kugusa malipo ya watu.

Asubuhi yake, kabla ya kufagia, mtu wa makumbusho na mwandalizi wazunguke pamoja na zile picha za hali ya vitu, wakilinganisha kuta, milango na kila kilichoazimwa. Sakafu ifagiwe kwa ufagio laini bila maji, na matundu ya kuta yakaguliwe tena baada ya wiki mbili kwa ajili ya mchwa na sisimizi. Rudisha vitu mwenyewe, si kwa kumtuma kijana wa bodaboda, na nakala za picha pamoja na mahojiano yaliyorekodiwa ziachwe makumbusho pale tu ambapo karatasi ya ridhaa inaruhusu. Taarifa ya mapato, matumizi na uharibifu wowote, hata mdogo, ipelekwe kwa mamlaka ya kituo ndani ya siku kumi na nne, pamoja na ombi la tarehe ya mwaka unaofuata.